Gauni la Robi na Ijumaa Yetu ya Mwisho Nairobi

Tulikwenda Nairobi kwa sababu mbili, na nitazitaja zote. Ya kwanza ilikuwa gauni. Shemeji yangu Robi, mdogo wa mke wangu, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, kwa hiyo mke wangu, Mama Ghati, ndiye aliyesimama mbele ya shangazi zake wote akaahidi kwamba yeye ndiye atakayemvalisha bibi harusi. Musoma nzima tulikuta magauni mawili ya kukodi, nayo yalikuwa yameshavaliwa na maharusi wengi kiasi kwamba wageni waliyatambua magauni kabla ya kumtambua anayeolewa. Isitoshe, Robi ni mrefu. Katika yote mawili, miguu ilibaki nje hadi juu ya vifundo.

Sababu ya pili ilikuwa mimi mwenyewe. Nairobi ndiyo iliyonifanya mtu. Niliingia mji ule nikiwa na shati moja na anwani ya mtu aliyekwisha kuhama. Mchana nilibeba mifuko ya simenti katika maghala ya Industrial Area, jioni nikaenda chuo cha ufundi na vumbi likiwa bado masikioni, na baada ya miaka minne nikatoka na diploma ya ufundi wa majokofu. Leo mashine za baridi zikizima katika viwanda vya samaki vya kwetu, jina linalotajwa ni langu. Sisemi haya ili nisifiwe. Nasema kwa kuwa ni kweli, na mtu aliyejitengeneza mwenyewe ana haki ya kuwaonyesha wanawe karakana alimojitengenezea.

Tuliondoka Musoma Jumamosi alfajiri, mimi, mke wangu, na binti zetu wawili, Ghati wa miaka kumi na miwili na Bhoke wa miaka saba. Pale Sirari tulivuka mpaka kwa miguu, nami nikawaeleza wanangu kwamba hatua ile moja imewatoa nchi moja na kuwaingiza nyingine. Bhoke akarudi nyuma, akavuka tena, akarudi, akavuka, mpaka askari akacheka na kumuuliza kama anataka kazi. Kisii ilitupokea kwa ndizi na mvua, Kericho kwa mashamba ya chai yaliyokatwa juu sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Jioni tulishuka Nairobi tukiwa tumevaa masweta yote tuliyokuja nayo.

Mtaani Kaloleni alitungoja Mama Nafula. Huyu ni mama wa Bungoma, mjane wa mfanyakazi wa reli, na nyuma ya nyumba yake ya mawe yenye paa la vigae ndiko kulikokuwa na chumba cha mabati nilichopanga miaka ile. Nilimlipa kodi ya chumba, lakini chakula alinipa bila kuniuliza. Wanangu walipompigia magoti na kusema "Shikamoo, bibi," alishika kiuno akacheka.

"Heshima hii yote! Wa kwetu hapa wanasema 'sasa' hata kwa pasta."

Siku sita zilipita upesi. Niliwaonyesha wanangu geti la chuo, wakaliona. Niliwaonyesha ghala la simenti, Ghati akauliza kama kuna kitu kingine cha kuona. Tuliwaona simba, tukapanda lifti ya jengo refu mara tatu. Lakini gauni hatukulipata. Katika maduka ya katikati ya mji yalikuwepo mazuri mno, ila yote yalishonewa wanawake wafupi. Ikabaki Ijumaa, na basi letu la kurudi lilikuwa linaondoka Ijumaa hiyo hiyo saa moja jioni.

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa, Mama Nafula alituwekea chai ya maziwa na viazi vitamu, kisha akasema huku akisukuma kuku mmoja nje kwa mguu:

"Huyu mnamwona? Amesafiri kutoka Bungoma usiku mzima kwa ajili yenu. Saa saba mchana nawataka hapa mezani."

Nikamwambia nilipanga kuwapeleka wote, yeye na mwanawe Wekesa, wakale katika hoteli moja kubwa mjini, yenye vitambaa vyeupe juu ya meza. Nilitaka aone nimefika wapi.

"Marwa," alisema, "mgeni akiondoka kwangu bila kuku, Bungoma nitasema nini? Kitambaa nitakutandikia."

Wekesa, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyekuwa dereva wa lori la mikate, alijitolea kutusindikiza Eastleigh, ambako kila mtu alisema vitu vya Dubai vimejaa. Nikakataa.

"Mimi nilikuwa naingia Eastleigh kabla wewe hujaota meno."

"Sawa, buda," akajibu, akipuliza chai yake. "Lakini hiyo Eastleigh yako walishaizika. Hii ni ingine."

Saa mbili tulikuwa Gikomba, tumetembea kupitia Shauri Moyo. Msomaji ambaye hajaona soko hili afikirie mlima wa nguo uliomwagwa kutoka angani, kisha watu elfu wakaambiwa kila mmoja atafute yake. Maseremala wanagonga upande mmoja, mafundi wa masanduku ya bati wanagonga upande mwingine, na katikati wauzaji wanapiga makofi na kuimba bei. Ghati alipata viatu vyeusi vya shule vilivyokuwa vizima hata kisigino. Nilitaka kumwonyesha mwuzaji kwamba mimi si mgeni, nikamsemesha kwa Kisheng' cha mitaa ile, kile kile tulichozungumza maghalani. Kijana alinisikiliza kwa adabu.

"Mzae, hiyo lugha uliongea na babangu. Ongea tu Kiswahili, tutaelewana."

Mke wangu alicheka hadi tukafika darajani. Tulikula mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, Bhoke akala mawili na kudai la tatu, nami nikasahau aibu yangu.

Saa nne tuliingia First Avenue ya Eastleigh. Lazima niseme ukweli: sikuijua. Nilikoacha barabara pana yenye nyumba tulivu za Wahindi, nilikuta umati wa watu umejaa kutoka ukuta hadi ukuta, matope, mikokoteni, harufu ya uvumba na ya kahawa yenye tangawizi. Lakini jengo moja nililitambua, nikafurahi kama niliyemwona ndugu. Lilikuwa nyumba ya kulala wageni ya ghorofa tatu. Mwaka wangu wa mwisho wa chuo nilitumwa pale kutengeneza jokofu la jikoni, kazi yangu ya kwanza kabisa ya ufundi. Sasa hapakuwa na mgeni anayelala. Kila chumba kilikuwa duka. Vitanda vilitolewa, na katika chumba cha watu wawili mlipangwa vitambaa, redio, manukato, mazulia, mwenye duka ameketi katikati kama ameshonewa humo.

Ghorofa ya pili tulimkuta mama mmoja wa Kisomali, Mama Hawo, amezungukwa na magauni meupe yaliyotundikwa hadi darini. Mke wangu alitoa mkobani kamba ya katani yenye mafundo. Ndivyo wanawake wa kwao wanavyopima: fundo la kwanza ni mabega, la pili kifua, la tatu kiuno, na mwisho wa kamba ni pale gauni linapogusa ardhi. Mama Hawo aliipokea kamba ile, akaivuta kati ya vidole vyake fundo kwa fundo, akainuka, akashusha gauni moja kutoka juu kabisa. Lilikuwa na mikono mirefu ya lesi na shanga ndogo kifuani, na lilipofunguka, chumba kizima kikawa cheupe. Mabega sawa. Kifua sawa. Kiuno sawa. Chini, kamba ilizidi gauni kwa shubiri moja.

Mke wangu akafumba macho.

"Mama, usilie bado," alisema Mama Hawo. "Huyo bibi harusi ni twiga? Iko fundi yangu huko nyuma. Ataweka lesi ingine hapa chini, hakuna mtu atajua, walahi. Lakini leo ni Ijumaa. Sisi tunafunga, tunaenda swala. Saa nane njoo, utakuta tayari."

Mke wangu akamweleza habari yote: mama yao marehemu, shangazi, harusi, basi la saa moja. Mama Hawo akashika mkono wake kwa muda. Tukalipa, tukaliacha gauni pamoja na kamba. Tulipokuwa tunatoka, Mama Hawo alichukua kipande cha karatasi atuandikie namba ya chumba.

Nikamzuia. "Usijisumbue, mama. Nyumba hii naijua kuliko wenyewe. Nimetengeneza jokofu lake. Mimi nina diploma."

"Mashallah," alisema, akaiweka kalamu.

Saa saba kasoro tulirudi Kaloleni. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, kama alivyoahidi. Mama Nafula aliomba. Aliiombea safari, basi, dereva wa basi, magurudumu, mpaka, maafisa wa mpakani, Robi, mume wa Robi, watoto ambao Robi hajawazaa, na akarudi tena kwa dereva kwa kuwa alimkumbuka vizuri zaidi. Wekesa alifungua jicho moja akanikonyeza. Kisha vifuniko vikaondolewa: ugali wa mtama na muhogo, mrenda, na kuku yule, katika mchuzi wenye harufu ya moshi wa kuni. Firigisi iliwekwa kwenye sahani yangu, peke yake, kama medali.

"Ile ya mwenye nyumba," alisema Mama Nafula. "Tangu mzee afariki hakuna aliyeila hapa. Leo ni yako."

Niliila polepole, kipande kwa kipande. Lakini mkono ulikuwa na saa, nami niliitazama. Saa nane. Saa nane na robo. Kuku wa kienyeji hatafunwi haraka, na katika nyumba ya Mama Nafula haliinuki jicho, achilia mbali mtu, kabla sahani ya mwisho haijawa tupu. Saa nane na nusu niliitazama tena, nikadhani hakuniona.

"Hiyo saa ni ya dhahabu?" aliuliza.

"Rangi tu, mama."

"Siku ulizokula hapa ukitoka kubeba simenti hukuwa na saa. Ulikuwa unakula vizuri zaidi."

Wote walicheka, hata wanangu, nami nikacheka pia. Nikaacha kuitazama. Tukaletewa chai, halafu ndizi, halafu ombi la kufunga chakula, ambalo nalo lilipitia kwa dereva. Tulipoinuka ilikuwa saa tisa na nusu.

Tukagawana. Wekesa angewapeleka wanangu na mizigo kituoni, mimi na mke wangu tukimbilie gauni.

"Saa moja kamili gari linang'oka," Wekesa alituonya. "Halingoji bibi harusi wala diploma."

Saa kumi na dakika kumi tulifika Eastleigh, na hapo ndipo jasho lilipoanza. Geti la mbele la jengo langu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ijumaa, baada ya swala, hawalifungui tena. Watu wanaingizwa kupitia jengo la jirani, kwa kuwa kuta za kati zimetobolewa, na majengo matatu yameungana kama chumba kimoja kirefu chenye ngazi nne. Hilo sikulijua. Wakati wangu palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa na jiko, na jikoni palikuwa na jokofu.

Tulipanda ghorofa ya pili. Magauni meupe kila mahali, lakini mwenye duka alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu kwa hina. Tukashuka, tukapanda ngazi nyingine. Mazulia. Nyingine tena. Sufuria. Milango yote ilikuwa na rangi moja ya kijani, korido zote na mwanga mmoja wa taa ndefu. Nilimwambia mke wangu ni kushoto, tukaenda kushoto, tukatokea barabara ambayo hatukuingilia. Nilikataa kuuliza. Nilijiambia kwamba mtu aliyeweza kufuata waya ndani ya mashine gizani hawezi kushindwa na korido. Saa kumi na moja kasoro dakika tano tulipita mbele ya mzee wa hina kwa mara ya tatu, akatuamkia kama majirani.

Hapo nikakubali kuuliza. "Mama Hawo?" walisema. "Hawo yupi?" Katika majengo yale walikuwepo kumi, na waliouza magauni walikuwa watano.

Kwenye kona ya ngazi mke wangu alisimama. Palikuwa na msichana anauza sambusa na chai ya maziwa ya ngamia. Mama Ghati alinunua vikombe viwili na sambusa moja, akaketi kwenye ngazi, akaweka mkoba mapajani.

"Baba Ghati, keti."

"Tuketi? Imebaki saa mbili! Dada yako atavaa nini?"

"Keti, mume wangu. Wewe hutafuti duka. Unatafuta nyumba yako ya zamani, na haipo. Yule mama nimemwambia kila kitu na amenishika mkono. Tukizunguka, yeye akitutafuta hatatupata. Tukikaa mahali pamoja kwenye njia ya watu, atatupata."

"Na asipotutafuta?"

Aliuvuta mkoba karibu. "Basi nitarudi nyumbani mikono mitupu," alisema, "na nitamwambia Robi mwenyewe. Lakini sitakimbia tena."

Nikaketi. Nimefanya mitihani mingi katika maisha yangu, na nimefaulu yote. Dakika zile kwenye ngazi sijui ningepewa alama gani. Watu walituruka magoti. Sambusa ilikuwa ya moto, yenye nyama na bizari, na mke wangu alinipa nusu yake kama tunayemngoja ni daktari. Saa kumi na moja na robo. Na nusu. Nilifungua kinywa mara mbili kusema tuinuke, na mara mbili niliutazama uso wake nikakifunga.

Saa kumi na moja na dakika arobaini korido ya chini ilianza kupiga kelele. Watu walikuwa wanasogea ukutani. Juu ya vichwa, juu ya mikokoteni na vifurushi, kilikuja kitu cheupe, kimeinuliwa kwa mikono miwili kisiguse matope, lesi zake zikipepea, na chini yake sauti ya mwanamke:

"Watu wa Tanzania! Mama wa kamba! Watu wa Tanzania!"

Mke wangu alisimama kwa nguvu hadi chai yake ikanimwagikia. Wakakumbatiana pale ngazini, gauni katikati yao, wakicheka na kulia, na msichana wa sambusa akapiga kigelegele bila kujua ni cha nini.

"Tangu saa tisa natafuta," alisema Mama Hawo, akihema. "Kila Ijumaa wateja wanapotea, mimi naenda nachukua. Lakini wengine wanatembea, wanatembea, nikienda huku wao wako huko. Leo nimewapata kwa sababu mmekaa." Akanigeukia. "Fundi, jokofu lilikuwa wapi?"

Nikaangalia kuta. "Sijui, mama."

"Mashallah," alisema, safari hii kwa upole.

Tulipima pale pale. Kamba ilianzia begani, ikapita kifuani, kiunoni, ikaisha sawasawa kwenye pindo jipya. Mama Hawo alikataa malipo ya ziada ya fundi wake. Alisema huo ni mchango wake kwa binti asiye na mama.

Saa moja kasoro dakika tisa tulifika kituoni tukikimbia, gauni limefungwa ndani ya shuka kichwani kwa mke wangu. Wekesa alikuwa amesimama mguu mmoja ndani ya mlango wa basi, mmoja nje, akimweleza dereva hadithi ndefu kuhusu mkate ili asiondoke. Bhoke alikuwa analia kwamba tumehamia Nairobi bila yeye. Mama Nafula naye alikuwepo, amekuja kwa miguu kutoka Kaloleni na kuku aliyebaki ndani ya bakuli la plastiki, na alikuwa ameshamwona dereva yule aliyemwombea sana. Alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya abiria wote.

"Mmelipata?"

"Tumelipata, mama."

"Basi nenda. Na ukija tena, saa uiache kwenu."

Tulivuka Sirari alfajiri, mimi nikiwa nimelipakata gauni usiku kucha. Afisa wa forodha alifungua shuka, akaona weupe ule, akafunga bila kuuliza swali.

Mchana wa Jumamosi hiyo hiyo, Robi aliingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Lesi ya chini ilikuwa nyeupe zaidi kidogo kuliko ya juu, lakini ungehitaji jicho la Mama Hawo kuliona hilo, na pindo liligusa sakafu sawasawa, wala halikuburuzika wala halikupungua. Shangazi wote walisimama. Mke wangu hakutazama pembeni mpaka walipofika mbele.

Nimejifunza nini katika safari hii? Kwamba mji uliokufanya mtu haukungoji hapo ulipouacha, na ukirudi, hata uwe na cheti gani, unarudi kama mgeni, na mgeni ana mambo mawili ya kufanya: kula anachopewa hadi mwisho, na kukubali kuandikiwa namba ya chumba. Diploma yangu bado ninayo ukutani, na bado najivunia kila herufi yake.

Nje ya kanisa, shangazi mkubwa alinivuta mkono. "Baba Ghati, gauni kama hili mmelipata wapi? Wewe Nairobi unaijua, sema."

Nilivuta pumzi kama kawaida yangu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu.

"Shangazi," nikasema, "tuliketi ngazini, tukaletewa."